Wazazi hawajulikani waliko, na ofisi ya usajili wa vizazi inadai vitambulisho vyao

Pole ndugu yangu. Umesema mama mlezi alikuchukua ukiwa na miaka mitatu, na sasa huna cheti cha kuzaliwa. Anza na karatasi ya zamani kuliko zote: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya darasa la kwanza. Waraka wa zamani una uzito kwa sababu uliandikwa kabla hujawa na shida nao. Shuleni usiridhike na barua ya mwalimu mkuu. Omba nakala ya ukurasa wenyewe wa daftari la uandikishaji, wenye jina lako na la aliyekupeleka, ugongwe mhuri.

Kisha mama mlezi aape hati ya kiapo: alikupokea lini, wapi, kwa mkono wa nani. Asichokijua aseme hakijui. Jirani mzee aliyeshuhudia naye aape, kivyake.

Wapo watakaokunong'oneza umwandikishe mama mlezi kama aliyekuzaa. Kataa. Hilo ni tamko la uongo, na huibuka siku ya mirathi.

Ofisini uliza utaratibu wa usajili uliochelewa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 7, unamtaka kila mtoto asajiliwe mara tu anapozaliwa. Kuchelewa hukukusababisha wewe. Wakikukatalia, omba sababu kwa maandishi, maana bila hiyo rufaa ni ngumu. Halafu kagua majina kwenye karatasi zako zote: Hamisi huku na Khamis kule kutakurudisha nyumbani.