Mwanasesere "ameshonwa" au "kimeshonwa"?

SWALI: Nashona wanasesere wa wahusika wa hadithi kwa nguo za zamani. Kwenye kikaratasi cha mmoja wao niliandika: "Binti mfalme wa ngano, ameshonwa kwa mkono kutokana na vitambaa vilivyorejelezwa." Rafiki yangu akanikosoa: kitu kisicho na uhai hakiwi "ameshonwa", niandike "kimeshonwa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe. Mwanasesere, wanasesere: neno limejengwa juu ya "mwana" na linakaa katika ngeli ya A-WA, hata kama tumboni mwake mna pamba tupu. Jina la kiumbe huendelea kupatanishwa kama kiumbe hata linapotaja sanamu yake. Ndiyo maana hatuoni ajabu kusikia "simba huyu amechongwa vizuri", na simba mwenyewe ni gogo. Na katika hadithi mambo huzidi: jembe likianza kusema, msimuliaji atakwambia "jembe akamjibu shoka". Nadhani rafiki yako alikuwa na "kitu" kichwani, ki- ikamponyoka kutoka huko.

Lipo pia neno "bandia" kwa maana hiyo hiyo ya mwanasesere, nalo ni la I-ZI: bandia imeshonwa, bandia zimeshonwa. Ila kwako lina mtego. Andika "binti mfalme bandia" uone, wasomaji watadhani ni tapeli anayejifanya wa ukoo wa kifalme!

Sasa nikuguse wewe, maana kosa la kikaratasi chako haliko pale alipolitafuta rafiki. "Ngano" ni hadithi za kale, sawa, lakini pia ni nafaka, na "binti mfalme wa ngano" anaweza kudhaniwa amekandwa kwa unga. "Wa hadithi" yatosha. "Kutokana na" nayo iondoe: nguo hushonwa kwa kitambaa, haishonwi kutokana nacho.

Lililobaki ni "vilivyorejelezwa". Kurejeleza ni kuirudisha taka iwe malighafi tena, kama chupa inayoyeyushwa ikatengenezwa chupa nyingine. Wewe umekata gauni na kushona. Hujarejeleza kitu, umekitumia upya. Ungesema "vitambaa vilivyotumika", msomaji angeuliza: vilivyotumika zamani, au vilivyotumika kumshonea huyu? "Chakavu" inaeleweka, lakini nani ampe mtoto kitu chakavu? Mimi ningechagua "kuukuu", neno linalotaja umri bila kudharau. Wahenga walilitumia kusifu kabisa: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Basi: "Binti mfalme wa hadithi, ameshonwa kwa mkono, kwa vipande vya nguo kuukuu." Ukitaka kutaja vazi lenyewe, angalia upatanisho, kwa sababu kivumishi hiki hubadilika: nguo kuukuu, mashati makuukuu, vitenge vikuukuu.