Ugomvi wa Choo Ulionifungulia Njia: Niliyojifunza kwa Jamshed Usmonov

Kijana mmoja wa Kahama ameniandikia wiki iliyopita. Anasema skripti anayo, ameiweka kabatini mpaka apate droni na stelingi mwenye jina. Anauliza, "Dada, nisubiri mpaka lini?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili tu, lakini jibu likawa refu, na kwa kuwa najua wenye skripti kabatini mko wengi, nalileta hapa kwenu wote.

Usisubiri. Kama skripti yako haiwezi kusimama bila droni, iache ilale. Andika nyingine, ya watu unaowajua, mahali unapopajua.

Nina haki ya kusema hivyo. Filamu yangu fupi imepokelewa mwezi uliopita kwenye tamasha, na aliyeibeba mwanzo hadi mwisho ni mama yangu mdogo wa Pangani ambaye hajawahi kusimama mbele ya kamera maishani mwake. Ujasiri wa kumpa nafasi hiyo nilipewa na mtu asiyenijua kabisa: Jamshed Usmonov, mwongozaji wa filamu wa Tajikistani, nchi ya Asia ya Kati.

Usmonov amezaliwa mwaka 1965 huko Asht, kaskazini mwa nchi yao. Tajikistani karibu yote ni milima, na mara tu baada ya kupata uhuru kutoka Umoja wa Kisovieti mwaka 1991 iliingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu kuanzia 1992 hadi 1997. Studio ya serikali, Tajikfilm, iliyoanzishwa mwaka 1930, haikuwa tena na nguvu ya kumbeba mtu. Fikiria kijana anayetaka kutengeneza filamu katika hali hiyo. Angekuwa na sababu nzuri kuliko sisi sote za kuiweka skripti kabatini.

Mwaka 1998, vita vikiwa vimekwisha mwaka mmoja tu uliotangulia, akatoa Kuruka kwa Nyuki, akiongoza pamoja na Min Byung-hun wa Korea Kusini. Kisa chake ni choo. Mwalimu wa kijijini ana jirani tajiri aliyejenga choo kando ya ukuta wa mwalimu. Mwalimu anakwenda kulalamika kwa mkubwa wa pale, anajibiwa kwamba mtu ana haki ya kufanya atakalo kwenye ardhi yake. Basi mwalimu hapigi kelele. Ananunua kiwanja kando ya nyumba ya mkubwa huyohuyo, anashika sururu, anaanza kuchimba choo cha umma. Anachimba na kuchimba, na mwishowe anakuta maji.

Ni hivyo tu, jamani. Hakuna bunduki wala gari linalopinduka. Lakini ndani ya shimo lile mna dhuluma, mna heshima ya mtu masikini, mna serikali ya kijiji ambayo wewe na mimi tunaijua vizuri kwa sababu tumeshakaa kwenye benchi lake tukisubiri kusikilizwa. Niliitazama kwenye kompyuta ya kuazima na nilipomaliza niliirudia palepale.

Halafu nikaitafuta ya 2002, Malaika wa Bega la Kulia. Kwa mtu aliyelelewa Pangani jina hilo halihitaji maelezo. Tangu madrasa tumejua kuwa kuna anayeandika mema kulia na anayeandika mabaya kushoto. Humo Hamro, mtu mkorofi, anarudi kijijini akitoka kifungoni Urusi kwa sababu ameambiwa mama yake yu mahututi. Mama anataka mlango wa nyumba upanuliwe ili jeneza lake lipite. Na nje ya mlango huo wamejaa watu wanaomdai Hamro. Usmonov aliipiga filamu hiyo hukohuko Asht kwao. Anayecheza mama ni mama yake mwenyewe mzazi, Uktamoi Miyasarova, na Hamro anachezwa na ndugu yake, Maruf Pulodzoda. Filamu ya mama na ndugu ikaenda Cannes, lile tamasha kubwa la filamu la Ufaransa, kwenye kundi la Un Certain Regard, moja ya makundi yake rasmi. Mwaka 2006 akarudi tena kundi hilohilo na Ili Ufike Peponi Lazima Kwanza Ufe, kisa cha kijana aliyeoa na asiweze kumwendea mkewe, akatoka kwenda mjini kutafuta dawa. Aibu ambayo sisi tungeificha chini ya godoro, yeye ameisimulia kwa upole na bila kumdhalilisha yule kijana.

Nikajiuliza: mimi Pangani nina nini? Nina wajane wawili, waliokuwa wake wenza, wanaogombea mnazi mmoja ulio mpakani. Kila mmoja anadai marehemu aliuacha kwake. Mkwezi akipanda, wote wawili wanasimama chini na vikapu, na yeye kule juu hajui adondoshee upande gani.

Niliipeleka hadithi hiyo kwa prodyuza mmoja Dar es Salaam, mbele ya vijana waliokuwa wakimsubiri. Akasema, "Nani atatoa hela yake kutazama vibibi viwili vinagombea mnazi?" Wakacheka wote. Sijasahau kicheko kile na sioni kwa nini nisahau, kwa maana hakunicheka mimi peke yangu. Alimcheka mama mdogo, akawacheka wanawake wote wa pwani waliolea watoto kwa nazi.

Habari za vibali, nauli na kuchaji betri kwa jirani sitawachosha nazo. Nilichofanya ni hiki: sikumpa mama mdogo maneno ya kukariri. Nilimweleza jambo lenyewe, kwamba huyu mwenzio amechukua nazi zako alfajiri, kisha nikamwacha aseme kama ambavyo angesema uani kwake. Kamera tuliiweka mahali pamoja tukaiacha. Alipomgeukia mwenzake akamwambia, "Mume tuligawana, mnazi sigawani," mpiga picha wangu alinitazama kwa macho makubwa. Mstari huo haukuwa kwenye skripti. Hakuna mwandishi wa mjini angeuandika. Maneno hayohayo ndiyo yaliyowainua watu vitini kwenye tamasha, na yule aliyenicheka alikuwemo ukumbini.

Kwa hiyo, wadogo zangu, acheni kudharau kwenu. Tumejazwa majumba ya kifahari ya kukodi, mashati ya kuazima, Kiswahili cha kuigiza kisichosemwa na mtu yeyote chumbani kwake. Halafu tunalalamika watazamaji wametukimbia. Watakaaje, hali hawajioni? Tafuteni ugomvi mdogo ambao wenyewe mnaujua mpaka mizizi, mwufuate bila kuruka hatua hata moja. Yule mwalimu kwenye filamu ya Usmonov hakuacha kuchimba katikati ili aende kupigana. Amechimba mpaka maji. Nanyi chimbeni. Tumieni watu wenu, mwape heshima, wasikilizeni wanavyozungumza. Sauti, nawasihi, sauti iwe safi: picha yenye giza mtazamaji ataivumilia, maneno asiyoyasikia atazima. Pesa mliyotaka kukodia droni nunueni maiki nzuri.

Na msione haya kwa udogo wa kisa. Usmonov baadaye alitengeneza filamu Ufaransa mwaka 2011, akiwa na Léa Seydoux, mwigizaji mwenye jina kubwa. Nimeitazama kwa adabu zote. Moyo wangu umebaki Asht, kwa mama anayetaka mlango upanuliwe.

Wewe wa Kahama, nataka uniandikie kabla ya mwisho wa mwezi: nani anagombana na nani mtaani kwenu, na wanagombea nini. Mistari mitatu yatosha. Skripti ile ya kabatini usinitumie.