Rimu na tairi za Beetle ya 1970 iliyoshushwa

Kaka, kwa hiyo Volkswagen Beetle ya 1970 uliyoishusha ikae karibu na ardhi, baki na rimu za inchi 15. Hizo za inchi 17 ulizoulizia zinavutia dukani, lakini mpira unabaki mwembamba mno, na mashimo yatakupindia rimu. Kabla ya yote angalia matundu ya bolti: kuanzia modeli ya 1968 Beetle nyingi zina bolti 4 zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 130. Za zamani zaidi ni 5 kwenye duara la 205, haziingiliani kabisa.

Nyuma funga 165/80R15 (yaani upana milimita 165, kimo cha ubavu asilimia 80 ya upana huo, rimu inchi 15). Kipenyo chake ni kama milimita 645, inajaza madigadi vizuri sana. Mbele 145/65R15, kama milimita 570, ndiyo inayoleta ule mwinamo wa mbele unaoutaka. Ila ujue waya wa spidomita ya Beetle unazungushwa na gurudumu la mbele kushoto, na tairi dogo huzunguka haraka zaidi, kwa hiyo ukienda 80 itasoma karibu 90. Na kabla hujalipa, mwombe fundi afunge moja mbele, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili watu wakiwa ndani, uone kama tairi linagusa popote.