Angalizo la TMA na boti ya Kibirizi: acha kulipima ziwa asubuhi

Dada, Alhamisi usipande. Umeuliza mambo matatu: kama upande boti ya Ziwa Tanganyika kwenda kijiji cha Mwamgongo kuwahi zamu ya Ijumaa kwenye kituo cha afya wakati TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wametoa angalizo la upepo na mawimbi kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi, kama mwajiri anaweza kukukata siku, na ubebe nini. Ya mshahara na ya kubeba tuyaache kwa leo. Nashika boti kwa sababu kuna sentensi yako imenichoma: "nitaamka mapema nilitazame ziwa, likiwa shwari naondoka." Hapo ndipo watu wanapopotea.

Boti za vijiji vya kaskazini haziondoki Kibirizi, ufukwe wa boti wa Kigoma mjini, alfajiri. Alfajiri ndiyo zinaleta abiria na dagaa mjini. Kurudi zinasubiri zijae: saruji, kreti za soda, magunia, godoro la mtu aliyehamishwa kituo. Zinang'oa nanga saa sita, saa saba, mzigo ukichelewa hata saa nane. Wewe umelitazama ziwa saa moja asubuhi, limelala kama mafuta ya mawese kwenye sufuria. Saa tisa alasiri uko usawa wa hifadhi ya Gombe. Ziwa ulilolipima silo utakalokuwa ndani yake. Msimu wa mvua huku kwetu, Novemba mpaka Aprili, jua la asubuhi ndilo linalopika wingu la mchana: ardhi inapata joto, hewa yenye unyevu inapanda, radi inakomaa baada ya adhuhuri. Asubuhi tulivu haikuahidi chochote.

Na kinachopindua boti kwa kawaida si mvua, ni upepo unaoitangulia. Ndani ya wingu la radi hewa baridi inaporomoka pamoja na mvua, ikifika chini inasambaa kwa kasi pande zote. Inaweza kukukuta bado unaota jua, wingu likiwa mbali. Tuseme liko kilomita 10 na linakuja kwa kilomita 30 kwa saa: una dakika 20. Boti yenye mzigo inayokwenda kilomita 10 kwa saa, dakika 20 inasogea kilomita 3 na kidogo. Kutoka Kigoma mpaka Gombe ni kama kilomita 16, na Mwamgongo iko baada ya Gombe. Hesabu ya kulikimbia wingu haipo.

Nahodha akiona giza anageuza kukimbilia ufukweni, na hapo ubavu unalikabili wimbi. Boti iliyojazwa, ukingo wake uko shubiri moja au mbili juu ya maji. Wimbi la kwanza linaingia, maji yanakimbilia upande mmoja, abiria kwa hofu nao wanahamia huko huko. Na wote wako chini ya turubai! Mvua ikianza kila mtu anavuta turubai kichwani, mengine yamefungwa kwa kamba pembeni, boti ikilala watu wako ndani ya mfuko. Jaketi okozi ukiwa chini ya turubai linakubana juu badala ya kukutoa nje.

Sasa hao wanaowadanganya abiria. Mpiga debe wa ufukweni analipwa kwa kichwa, hatakwambia ubaki. Nahodha anayesema "ziwa hili nimezaliwa nalo" anasema kweli, ila hata waliozama walizaliwa nalo. Ninayemchukia zaidi ni msimamizi wa mjini anayekutumia ujumbe "wenzako wote wamefika kituoni". Wenzako wanaishi nyumba za watumishi, hatua hamsini kutoka wodini! Yeye mwenyewe anakwenda ofisini kwa bodaboda, akilowa soksi anaomba ruhusa. Niiteni mwoga, nimezoea. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi kicheko nakipenda.

Angalizo lenyewe lisome vizuri. Wakiandika upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, mita 2 ni zaidi ya kimo chako. Chini wanaandika uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Watu wakiona "wastani" wanasoma "ruksa". Na usisubiri rangi ya chungwa au nyekundu. Njano kwa mtu wa mjini ni habari ya paa na mifereji. Kwa boti ya mbao iliyojaa saruji inatosha.

Kanuni ni moja: safari huhamishwa siku, haihamishwi saa. TMA wanatoa utabiri wa siku tano ili uhame kabla. Kuondoka "mapema kidogo" ndani ya siku za angalizo hakusaidii, kwa sababu saa ya kuondoka si yako, ni ya mzigo.

Usiku kabla ya safari yoyote, mpigie mtu wa pwani ya Mwamgongo, uliza kama wavuvi wa dagaa wametoka. Hawakutoka? Uliza sababu. Wakati wa mbalamwezi hawatoki hata ziwa likiwa shwari, kwa hiyo ufukwe wenye mitumbwi mingi peke yake haukwambii kitu. Wakisema upepo, mada imefungwa.

Ukikutwa njiani: jaketi livaliwe na kufungwa vifungo vyote kabla ya kuondoka, si kulikalia. Kaa chini, katikati. Toka kwenye turubai, lowa tu. Ukiona umeme hesabu sekunde hadi ngurumo, gawanya kwa 3, hizo ndizo kilomita. Sekunde zikishuka hadi 30 mwambie nahodha atie ufukweni hapo hapo, kijiji cha Kalalangabo au Mtanga njiani, maji yakiwa bado yametulia, akinuna anune. Boti ikipinduka shikilia mbao, usiogelee kufuata nchi kavu. Nchi kavu kutoka majini huonekana karibu kuliko ilivyo.

Leo Jumanne. Mpigie mganga mfawidhi usiku huu umwambie unafika siku moja kabla, akuandalie pa kulala, kisha soma taarifa mpya ya kesho asubuhi kwa sababu hubadilika. Ikibaki kuanzia Alhamisi, boti yako ni ya Jumatano. Ikibadilika ikaanza mapema, Jumatano, mwambie aliye zamu asiondoke, wewe unalala Ujiji.