Mgebuka anakojolea godoro

SWALI: Shikamoo Mzee. Niko Katubuka, Kigoma. Tuna paka dume, Mgebuka, ana miaka mitatu na hajahasiwa. Tulipokuwa Ujiji alitoka na kurudi apendavyo, haja zake akimalizia kwenye mihogo, ndani hatukuwahi kuona hata tone. Mwezi wa tatu tukahamia nyumba ya kupanga. Jirani huanika dagaa uani, na alishatuambia paka akionekana kwenye dagaa wake tusije tukalaumiana. Basi tunamfungia ndani. Nimemwekea beseni la majivu stoo, pembeni ya pampu ya maji. Wiki mbili za kwanza alilitumia vizuri. Sasa anakojoa katikati ya godoro letu, dimbwi zima, na nyuma ya kochi, chini ya dirisha, naona michirizi imeshuka ukutani. Nasafisha kwa ile dawa ya chupa inayogeuka nyeupe ukiitia kwenye maji, lakini baada ya siku mbili anarudia palepale. Mama mkwe anasema paka anatukomoa, akatupwe soko la Mwanga. Mume wangu naye ameanza kumuunga mkono mama yake.
Mama wa wawili, Katubuka

JIBU: Marahaba mwanangu. Umesema dimbwi zima, nami nikashusha pumzi. Dimbwi maana yake mkojo unatoka. Wenzako wenye madume wasiruke hapa.

Mwaka nilioanza kazi ya mifugo nilikuwa na dume la kijivu. Jioni moja nikamwona anahangaika: anachuchumaa mlangoni, anainuka, anachuchumaa kwenye mkeka, analia, anajilamba chini ya mkia. Nikasema huyu amefunga choo. Nikamnywesha vijiko viwili vya mawese, nikalala. Mimi huyo, mwenye cheti ukutani. Alfajiri ya siku iliyofuata nilimkuta amekauka chini ya kitanda, tumbo gumu kama embe bichi. Choo hakikuwa na shida yoyote. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno, na chembechembe zikichanganyika na ute huziba kama kizibo. Kibofu hujaa, uchafu uliopaswa kutoka hurudi kwenye damu, mwisho moyo husimama. Haichukui zaidi ya siku mbili tatu. Paka anayekamua bila kutoa kitu hangojewi kesho, hata ikiwa Jumapili, mgongee daktari wa mifugo mlango. Wala msimpe Panadol kumtuliza. Kidonge kimoja cha mtu mzima chatosha kumuua paka, ini lake haliiwezi dawa ile.

Turudi kwa Mgebuka. Wewe una kesi mbili, na umezifanya moja.

Ya ukutani si haja. Mvizie usiku utamwona: anaugeuzia ukuta mgongo, amesimama wima, mkia juu unatetemeka, anarusha kidogo tu. Anaandika jina lake. Nakuwekea dau kuna paka shume anayepita nje ya dirisha hilo, na Mgebuka, aliyefungiwa, hana njia nyingine ya kumjibu. Ziba kioo cha chini kwa karatasi au pazia zito asimwone mgeni wake, kisha mpeleke akahasiwe. Usitarajie aache siku hiyohiyo, maana homoni hupungua polepole kwa wiki kadhaa. Madume wengi huacha kabisa, wachache hubaki na mazoea. Ukiwa hukohuko ulizia na chanjo ya kichaa cha mbwa, paka naye huugua.

Ya godoro ndiyo haja yenyewe, na hapo kosa, utanisamehe mwanangu, ni la beseni. Majivu yakilowana huwa makali. Aliyewahi kusugulia masufuria anajua yanavyokausha vidole, sasa fikiria nyayo za paka ambazo baadaye atazilamba. Halafu hiyo pampu. Mnyama yuko katikati ya haja yake, ghafla chuma kinanguruma ubavuni. Ikimtokea mara mbili tu, kwake stoo imekuwa mahali pa hatari. Akatafuta penye utulivu, palipo laini, panapokunywa maji upesi. Ndani ya nyumba yako hapo ni wapi kama si kitandani?

Kwa hiyo mwambie mama, kwa adabu, kwamba paka hajui kukomoa. Anajua pa raha na pa karaha, basi. Na ukimtupa Mwanga atakufa njaa au atagongwa na bodaboda.

Tuma kijana alete ndoo mbili za mchanga laini wa ziwani. Uchekeche, utoe mawe na makombe, uuanike mpaka ukauke kabisa. Tafuta beseni pana, lile la kufulia, paka aingie na kugeuka bila kugusa kingo, na umwage mchanga wa kina cha vidole vitatu. Paka mmoja apewe mabeseni mawili, kwani wengi hupenda kukojoa huku na kunya kule. Yaweke pembe mbili tofauti za nyumba, mbali na pampu na mbali na chakula chake (nawe usingekubali kula chooni). Chota uchafu asubuhi na jioni. Usinyunyizie marashi, pua yake si yako.

Chumba cha kulala ukifunge mchana kwa muda. Usimpige wala usimsugue pua kwenye mkojo, utamfundisha kukuogopa, na paka mwoga hukojoa chini ya kabati usikopaona.

Ile dawa nyeupe iache leo. Dawa za jamii hiyo nyingi zina kemikali ambazo paka hawezi kuzitoa mwilini, naye anakanyaga sakafu kisha analamba miguu. Klorini nayo usiimwage juu ya mkojo, vikikutana hutoa hewa inayochoma kifua. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Godoro la sponji lioshe hadi ndani na ulianike jua la siku nzima, zaidi ya moja ikibidi. Ukifua juu juu, wewe utasikia harufu ya sabuni, yeye atasikia choo chake kiko palepale.

Na dagaa wakavu usimpe hivyohivyo. Wachemshe bila chumvi, umpe na mchuzi wake, mkojo uwe mwepesi.

Wiki tatu zikipita na mchanga ni safi lakini bado anachafua, au ukiona damu, au anakunywa maji kuliko zamani, huo si ukaidi tena. Kibofu, figo au kisukari vitazamwe na daktari.

SWALI: Mzee, nina mimba ya miezi minne na ni mimi ninayechota mchanga wa paka. Nimeambiwa nimtoe paka nyumbani. Ni lazima?
Msomaji, Mwandiga

JIBU: Si lazima, mwanangu. Wanachokihofia ni toksoplazma, kijidudu kinachoweza kutoka kwenye kinyesi cha paka na kumdhuru mtoto tumboni. Mayai yake huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo beseni lisafishwe kila siku, na asiwe wewe. Ukilima bustani vaa glavu. Mchicha uoshe sana na nyama iive hadi ndani, maana huko nako watu wengi huambukizwa. Kliniki waambie kuwa unafuga paka. Koleo mkabidhi mumeo hadi utakapojifungua, hafi.