Kubadilisha Sakafu Iliyoharibiwa na Maji: Ushauri kwa Anayeanza

Anayekusudia kubandika marumaru kwa mikono yake mwenyewe baada ya nyumba kuingiwa na maji kwa kawaida hukimbilia dukani kuchagua rangi. Ningemshauri atafute kwanza maji yalikotoka. Ikiwa ni mvua za masika zilizopita mlangoni, chanzo kinajulikana. Lakini ikiwa marumaru zimeinuka zenyewe wakati wa kiangazi, mshukiwa wa kwanza ni bomba lililofukiwa sakafuni au ukutani. Usiku, watu wote wakishalala, andika namba za mita na uweke alama ya usawa wa maji kwenye tangi, kisha uvikague vyote viwili asubuhi kabla mtu yeyote hajatumia maji. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hutumia tangi, na anayeangalia mita peke yake anaweza kukosa uvujaji ulio kati ya tangi na choo. Usidhani pia kwamba tundu liko chini ya marumaru iliyoinuka, kwa sababu maji husafiri ndani ya tabaka la saruji na kujitokeza chumba cha pili.

Kama maji yalifikia soketi, zima umeme kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Hilo halina mjadala.

Gonga kila marumaru kwa mpini wa bisibisi. Iliyoshika hutoa mlio mfupi na mzito, na iliyoachia husikika wazi kwamba chini yake ni patupu. Hiyo iwekee alama ya chaki. Unapobomoa kwa tindo au grinda, vaa miwani na barakoa ya vumbi, kwani vumbi la marumaru na saruji lina silika inayodhuru mapafu. Kisha geuza marumaru uliyoing'oa na uangalie mgongo wake. Ukikuta mgongo ni safi, bila hata punje ya saruji iliyoganda, basi maji yalimalizia tu kazi ambayo ubandikaji mbovu ulikuwa umeianza. Marumaru za poselini hunyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo uji wa saruji hauna pa kupenya ili ushike. Zinahitaji gundi yake maalumu, ile ya unga inayouzwa kwenye mifuko, ingawa bado wapo mafundi wanaoiona kuwa gharama ya bure.

Baada ya kubomoa kinafuata kipindi kigumu kuliko vyote, nacho ni kusubiri. Sakafu ya saruji hukauka taratibu kuanzia juu kwenda chini, na kanuni inayotumiwa na wajenzi wengi ni siku moja kwa kila milimita ya unene, hewa ikiwa inapita vizuri. Yaani tabaka la sentimita 5 lililolowa kabisa linaweza kuchukua takribani mwezi mmoja na nusu, na wakati wa masika huchukua muda mrefu zaidi. Juu yake kunaweza kuonekana pakavu, peupe kabisa, huku chini kukiwa bado na maji. Bandika kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita kila upande, ukizibe kingo zote kwa utepe, ukiache hadi kesho yake. Ukikifunua na kukuta matone kwa ndani, au saruji imegeuka kuwa nyeusi, endelea kufungua madirisha. Wakati huohuo kwangua ukungu ulioota chini ya kuta na chumvi nyeupe iliyojitokeza sakafuni, kwa kuwa gundi haishiki juu ya vumbi la chumvi.

Mashimo yaliyobaki yajazwe kwa saruji na mchanga wa mto, ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, wala usikubali kuletewa mchanga wa baharini hata ukiwa wa bei ya chini. Angalia usawa kwa pima maji juu ya ubao ulionyooka, na bafuni uache mteremko wa sentimita 1 hadi 1.5 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji.

Panga marumaru kavu kwanza, bila gundi, ukianzia katikati ya chumba, ili vipande vilivyokatwa viangukie kingoni. Kwa marumaru za sentimita 60 kwa 60, tandaza gundi kwa mwiko wenye meno ya milimita 10, na uipake pia mgongoni mwa marumaru. Tandaza eneo dogo unaloweza kulimaliza kabla gundi haijaanza kukauka juu. Ukutani acha nafasi ya milimita 5 hadi 10, itakayofunikwa na skatingi, yaani ukanda unaobandikwa chini ya kuta, kwa sababu marumaru zilizobanwa kuta hadi kuta hazina pa kutanukia na huishia kuinuka bila hata tone la maji.

Grauti, yaani ule unga wa kujazia nafasi kati ya marumaru, isubiri angalau saa 24. Boksi moja la marumaru zenye ukubwa huo huwa na 4, zinazotosha mita za mraba 1.44, ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, na uhakikishe namba ya toleo kwenye maboksi yote ni ileile, maana rangi hutofautiana kidogo kati ya toleo moja na jingine. Zitakazobaki zihifadhi zikiwa ndani ya boksi lake.