Maji ya maweni: linda kinachochemsha, kingine kiache

Ukikaa kusini au mashariki ya Unguja, Jambiani, Paje au Makunduchi, huna haja ya kuelezwa kwa nini birika lako la umeme limeota magamba meupe ndani. Ardhi yote ya maweni ni jiwe la matumbawe. Mvua inazama kwenye nyufa zake, inaliyeyusha jiwe kidogo kidogo, na yanapofika kisimani maji yameshabeba kalsiamu. Tunayavuta kwa pampu na kuyapandisha kwenye tangi, safi kabisa, yanang'aa. Ukiyatia moto tu, jiwe linarudi kuwa jiwe. Huo ukoko ni kitu kile kile ambacho wazee walikichoma tanuuni wapate chokaa ya kujengea.

Mimi nina vyumba vichache vya wageni, kwa hiyo mabirika, hita za bafuni, pasi na mashine ya kufulia vinafanya kazi kila uchao. Nasaha yangu ni moja na wauza mitambo hawaipendi: usihangaike kuyatibu maji yote ya nyumba. Shughulika na yale yanayopashwa moto.

Sababu ni hii. Kwenye maji baridi kalsiamu imetulia, imeyeyuka, haina neno. Maji yakipata moto, hewa ya kaboni inatoka, na kalsiamu haina tena pa kujishikia, inaganda. Inaganda kwanza pale penye joto kali zaidi, yaani kwenye koili. Ukoko haupitishi joto vizuri, basi koili inaungua kwa ndani huku maji yanachelewa kuchemka. Umeme wa Tukuza, ule tunaoulipia kabla, unakwenda, na mwisho wake koili inakatika. Choo, sinki na mfereji wa jikoni vitapata madoa tu pale matone yanapokaukia. Futa, endelea na kazi zako.

Birika lenye ukoko utalijua kwa sauti kabla ya kulifunua. Linaanza kunguruma na kupasuapasua mapema, maji yenyewe bado vuguvugu. Halafu utaona vijigamba vinaelea juu ya chai, na mgeni atakuuliza kama kikombe kimeoshwa. Hapo tia siki na maji nusu kwa nusu mpaka ukoko wote ufunikwe, pasha moto bila kuchemsha, zima, acha kiasi cha saa moja. Kama huipendi harufu ya siki, tumia ndimu ya unga, ile ya kutilia urojo: vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji ya moto. Sogeza sikio, utasikia inachachatika, na magamba yanaanza kubanduka kama ganda la yai. Mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja uyamwage pia. Usikwangue kwa kisu, maana pale palipochanika ndipo ukoko mpya utakapong'ang'ania. Na tafadhali, siki au ndimu usichanganye na jiki hata kidogo. Pamoja vinatoa hewa ya sumu.

Hita ya bafuni ndiyo inayokula fedha. Mafundi wengi wanaifunga na kuiacha kwenye joto la juu kabisa, na kadiri joto linavyopanda ndivyo ukoko unavyozidi. Mwambie aishushe iwe kwenye nyuzi 60. Zinatosha sana, hapa hakuna baridi ya kutisha. Mara moja kwa mwaka aifungue, aitoe koili aisafishe, na aitazame ile fimbo ya magnesiamu iliyomo ndani. Fimbo hiyo imewekwa iliwe na kutu badala ya tangi, na ikishakwisha zamu ni ya tangi. Karibu na pwani jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu kisima kikivutwa mno maji ya bahari yanaingia. Chumvi hiyo ni tatizo jingine kabisa: inakula chuma, na siki haiisaidii. Ukiyaonja maji ukasikia chumvi, jua una matatizo mawili.

Bomba la mvua likianza kurusha maji pembeni, lifungue kichwa ukiloweke kwenye bakuli la siki usiku kucha. Wengine hufunga mfuko wa plastiki, lakini mifuko yenyewe imeshapigwa marufuku, basi bakuli.

Nguo nafua kwa maji baridi, isipokuwa shuka nyeupe. Sabuni ya kipande kwenye maji haya haitoi povu, inatoa utando, na utando huo ndio unaokakamaza mataulo na kuzifanya nyeupe ziwe kijivujivu. Sabuni ya unga inavumilia zaidi, ingawa utaongeza kidogo.

Pasi ya mvuke inywe maji ya mvua. Masika yakianza, acha mvua za mwanzo zioshe bati, kisha kinga madumu mawili matatu, uyachuje na kuyafunika vizuri. Yakikwisha, tumia maji yaliyochemshwa, yakapoa na kutuama. Sehemu kubwa ya ukoko imebaki chini ya sufuria.

Kuhusu mitambo: ile ya kulainisha maji inayotumia chumvi inafanya kazi kweli, na hoteli kubwa ina sababu ya kuinunua. Kwa nyumba ya kawaida ni gharama, na maji yake machafu ya chumvi yanamwagwa kwenye ardhi ile ile tunayochimba visima. Chujio la mshumaa, lile la kauri, linazuia uchafu, kalsiamu inapita. Sumaku za kufunga kwenye bomba mimi sinunui.

Kunywa? Kunyweni, mradi kisima ni salama. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake.

Na ukinunua birika jipya, tafuta lenye mdomo mpana unaopitisha mkono, na chini yake pawe bapa, koili imefichwa. Ya koili wazi yanasafishika kwa taabu, na bei hazipishani sana.